Mchekeshaji aliyeenda kwenye barafu kuchekwa

Nikuulize kitu kabla hujateleza kwenda kwa video nyingine. Chukua mchekeshaji, mtu ambaye mkate wake ni kicheko cha watu. Mpeleke Aktiki, kule juu kabisa ya ramani ambako hata rangi huisha pakabaki peupe. Mwache huko peke yake wiki nzima. Hakuna jukwaa, hakuna mtu wa kupiga makofi, hakuna hata jirani wa kugonga ukuta akuambie punguza kelele. Atafanya nini?

BBC walijaribu hiyo kitu mwaka wa 1995. Jamaa mwenyewe ni Billy Connolly, na kipindi kiliitwa A Scot in the Arctic, yaani Mskoti yuko Aktiki, na stori yenyewe ndiyo hiyo hiyo. Ni yeye, baridi na kamera.

Kama hujawahi kumsikia usijali, hata mimi nimemjua juzijuzi. Ni mtu wa Glasgow, amezaliwa 1942, na alianza maisha akichomelea vyuma kwenye viwanda vya meli kando ya mto Clyde. Akashika banjo, akaanza kuimba kwenye baa, na katikati ya nyimbo akawa anapiga stori. Stori zikaanza kuwa ndefu kuliko nyimbo. Mwishowe watu wakawa wanalipa kwa ajili ya stori, na nyimbo zikabaki za kupumzikia. Hivyo ndivyo fundi wa kuchomelea alivyogeuka kuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa kuwahi kutoka Uingereza. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo watu walioanza na kazi ya mikono huwa wananigusa mahali fulani. Twende.)

Nilimpata YouTube saa nane usiku, saa ambayo mtu mwenye akili amelala, na bando zilikuwa zinaenda kuisha. Nilikuwa natafuta wachekeshaji wanaosafiri. Nilikuwa na sababu yangu, na si sababu ya kujivunia. Nitaifikia.

Mwaka wa 2009 Connolly alirudi tena kaskazini, safari hii na ITV, kwa kipindi cha sehemu nne kinachoitwa Journey to the Edge of the World. Alikuwa na miaka zaidi ya 60 na nywele ndefu nyeupe kama za mganga. Anaanzia pwani ya Atlantiki, mashariki mwa Kanada, anapanda juu mpaka kwenye visiwa vya barafu, anafuata Njia ya Kaskazini-Magharibi, halafu anatokea upande wa pili, Pasifiki. Ukikitazama ukitarajia mzungu mwenye misuli akipigana na dubu, utaboeka. Huyu anapiga stori. Anakutana na watu, anawauliza maswali, anakosea, anacheka. Na karibu kila mara mzaha unarudi kumgonga yeye mwenyewe: baridi inavyomfanya, umri unavyomfanya, jinsi asivyojua chochote mahali ambapo mtoto wa miaka saba anajua kila kitu.

Hapo ndipo niliposimamisha video nikaketi vizuri.

Kwa sababu ukisoma historia ya ile njia anayoipita, utaona kwamba kukubali kuwa mjinga ndiko kuliwatenganisha waliorudi na wasiorudi. Si utani.

Njia ya Kaskazini-Magharibi ni ile mifereji ya bahari kati ya visiwa vya kaskazini mwa Kanada. Kwa karne kadhaa Wazungu waliitafuta kama mtu anayetafuta panya-ruti ya kukwepa msongamano wa Thika Road: walitaka kufika Asia bila kuzunguka dunia nzima. Mwezi Mei mwaka wa 1845 Uingereza ikamtuma Sir John Franklin na meli mbili, Erebus na Terror. Walioingia kwenye barafu walikuwa wanaume 129. Walibeba chakula cha makopo cha miaka mitatu. Walibeba zaidi ya vitabu elfu moja katika kila meli. Walibeba vinanda vya kuzungusha kwa mkono na vijiko vya fedha. Yaani walihama na Uingereza yao, wakaiweka juu ya barafu.

Hakurudi hata mmoja.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Mwaka wa 1854 daktari mmoja kutoka visiwa vya Orkney huko Uskoti, John Rae, ambaye alikuwa amejifunza kuishi na kuvaa kama wenyeji, alirudi na habari. Wainuit walimwambia waliona watu weupe wakiburuta mashua, wakaanguka mmoja mmoja kwa njaa, na mwishowe walikula wenzao. Hata vijiko vya fedha wenyeji walikuwa navyo, Rae akavinunua kama ushahidi. London ikawaka. Charles Dickens, ndiyo, yule yule wa vitabu vya shule, akaandika kwenye gazeti lake kwamba maneno ya Wainuit hayawezi kuaminiwa. Washenzi tu, watajua nini?

Wanasayansi walikuja kuchunguza mifupa baadaye wakakuta alama za visu. Meli ya Erebus ilipatikana mwaka wa 2014, upande ule ule ambao wenyeji walikuwa wamesimulia tangu zamani. Terror ikapatikana 2016, na hiyo ni stori ya kivyake: mwindaji Muinuit, Sammy Kogvik, alikuwa amepita ghuba fulani miaka kadhaa kabla akaona mti umechomoka kwenye barafu kama mlingoti. Akaukumbatia akapigwa picha. Kisha akapoteza kamera. Akaona hiyo ni ishara mbaya, akanyamaza, mpaka siku aliyowaambia watafutaji, wakaenda, wakaikuta. Ghuba yenyewe kwenye ramani inaitwa Terror Bay. Ilikuwa imepewa jina hilo kitambo, na meli ya Terror ilikuwa humo humo chini. Ukiandika hiyo kwenye filamu watasema umezidisha.

Weka Franklin hapa. Upande ule weka Mnorwe, Roald Amundsen. Mwaka wa 1903 aliingia njia hiyo hiyo na kimeli kidogo, Gjøa, na wenzake sita. Watu saba tu. Walikaa majira mawili ya baridi katika ghuba moja ambayo leo ni mji wa Gjoa Haven, na kazi yao kubwa ilikuwa kukaa na Wainuit wa hapo na kufundishwa: kuendesha mbwa, kujenga nyumba ya theluji, kuvaa. Fikiria wanaume wazima wenye ndevu, iglu yao ya kwanza ikiwaangukia kichwani mbele ya watoto. Walivuka 1906, wa kwanza kabisa kwa meli. Miaka mitano baadaye Amundsen akachukua mafunzo hayo hayo akafika Ncha ya Kusini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Chukua tu mfano wa nguo. Sisi Nairobi mwezi Julai, nyuzi 12, tunakimbia Gikomba kununua jaketi nzito na kuivaa juu ya sweta juu ya sweta, tumebana kama magunia. Kule ungekufa hivyo. Baridi peke yake unaweza kuivumilia. Kinachoua haraka ni jasho: ukitembea unatoa jasho, ukisimama linaganda mwilini. Kwa hivyo wenyeji walikuwa wakivaa ngozi mbili za kulungu wa huko, ya ndani manyoya yakiangalia mwili, ya nje manyoya yakiangalia dunia, zote zimelegea ili hewa itembee. Na huyo kulungu, naapa siongezi, kwa lugha ya Kanada jina lake linatamkwa “karibu”. Kwa hivyo ukivaa vizuri, umekaribishwa ndani ya karibu.

Kuna jambo jingine lililonikalia kichwani, na hili ni letu sisi wa Kiswahili. Mji wa Pond Inlet uko kaskazini ya kisiwa cha Baffin. Jua linazama Novemba, na halionekani tena mpaka karibu Februari. Kisha Mei linapanda na kukataa kabisa kulala hadi Agosti. Sasa, Mwingereza kwake saa ni namba tu. Lakini sisi tunahesabu saa kutoka kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa moja kwa sababu jua limetoka, usiku umeisha, kuku wameteremka. Mpeleke bibi yangu Pond Inlet mwezi Desemba umwambie sasa ni saa nne asubuhi. Atakuuliza: asubuhi ya nani? Na Juni, mkialikana “tukutane jioni”, mtangoja hadi Agosti.

Watu wanaishi huko, na si wachache wa kutazamwa kama maonyesho. Eneo lao la Nunavut lilianzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, wengi wao ni Wainuit, na lina ukubwa wa zaidi ya Kenya tatu. Lina miji na vijiji 25 na hakuna barabara hata moja inayoviunganisha. Unaenda kwa ndege, au kwa mashua barafu ikiyeyuka, au juu ya barafu yenyewe. Gari, saruji, soda, kochi, vyote vinaletwa na meli wakati wa kiangazi kifupi, na bei ya vyakula dukani ukiiona utaomba msamaha kwa mama mboga wako.

Lakini nilichokipenda zaidi ni jinsi wanavyocheka.

Kuna uimbaji wa koo, unaitwa katajjaq. Wanawake wawili wanasimama uso kwa uso, karibu kabisa, wanashikana mikono. Mmoja anatoa sauti kutoka kooni, nyingine anaijaza kwenye mapengo, pumzi inaingia pumzi inatoka, mpaka unashindwa kujua nani anaimba nini. Inasikika kama injini, kama upepo, kama bata. Ni wimbo na ni mchezo pia, na sheria yake ni hii: atakayecheka kwanza ameshindwa. Au aishiwe na pumzi, lakini kwa kawaida ni kicheko. Sijawahi kusikia jamii nyingine iliyogeuza kicheko kuwa mwamuzi wa mpira.

Na Greenland, ng'ambo ya maji, zamani walikuwa na kitu ambacho kijana yeyote aliyekulia mtaa wa Nairobi atakitambua papo hapo. Watu wawili wakigombana, pengine mmoja amemwibia mwenzake mke au nyama, hawakupigana visu. Walichukua ngoma, wakasimama mbele ya kijiji, mmoja akaimba kumchamba mwenzake, kisha zamu ikageuka. Watu wanacheka, ndio mahakama. Anayekasirika amejimaliza. Wewe unajua hiyo ni nini. Hiyo ni mchongoano! “Kwenu kuna baridi mpaka kuku anataga barafu.” Tofauti ni kwamba sisi tuliutumia kupoteza wakati nyuma ya darasa, na wao walimaliza kesi nao.

Ukiielewa hiyo, unaelewa kwa nini mtu kama Connolly hufiti huko. Mahali ambapo kukasirika ni kushindwa, mgeni anayejicheka ameingia kwa mlango wa mbele.

Sawa. Sababu yangu.

Sisi pia tuna kaskazini. Yetu haina barafu. Mwaka jana mwezi Agosti nilikusanya nauli, nikapanda basi la usiku kwenda Kitale, kisha jingine mpaka Lodwar, na kutoka hapo nikaendelea kuelekea ziwani. Mpango ulikuwa mfululizo wa video: mtoto wa Nairobi akutana na kaskazini. Simu, kijiti cha kushikia simu, na kofia mpya.

Video iliyofanya vizuri kuliko zote nilizowahi kuweka ilikuwa ya sekunde arobaini. Mzee wa Kiturkana amelala chini ya mti, mchana, shingo yake imeegemea ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa huko hutembea nacho. Kama hukijui, ni kiti na ni mto kwa pamoja. Ukikaa, mchanga wa moto haukuchomi. Ukilala, kichwa kiko juu. Nilipomrekodi sikujua hata nusu ya hayo. Nilinong'ona kwenye simu: hii ni hoteli ya nyota ngapi? Nikauliza kama remoti ya televisheni iko wapi. Mlicheka sana. Pengine hata wewe ulicheka, sikulaumu, mimi ndiye niliyekuambia ucheke.

Siku ya tatu nikaona maoni chini ya ile video, kutoka kwa msichana wa huko anayesoma chuo. “Kaka, huyo unayemcheka ni babu yangu. Amelala hivyo kabla mamako hajazaliwa. Wewe siku hiyo ulilala wapi?”

Swali zuri. Siku hiyo sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekodisha chumba cha bei rahisi chenye feni iliyokufa na godoro la povu lililoshika joto kama jiko, nikakesha nikijimwagia maji. Asubuhi nikavaa hudi nyeusi, kwa sababu ndiyo inayonitoa vizuri kwa kamera, nikatembea juani bila maji ya kutosha. Kabla ya saa sita miguu ilinilegea nikakaa chini mchangani, nikaruka kama chapati imegusa kikaango. Watoto waliangua kicheko. Mama mmoja akanivuta kivulini akaniletea maziwa ya mbuzi kwenye kibuyu. Kivuli hicho kilikuwa cha mti ule ule. Mzee huyo ndiye aliyesogea kidogo ili nipate nafasi, kisha akarudi kulala.

Yote hayo nilikuwa nayo kwenye simu. Mtoto mmoja ndiye aliyekuwa ameshika kijiti wakati naruka. Ni dakika mbili za kichekesho safi kabisa, bora kuliko chochote nilichowahi kutunga, na niliikata nikaacha sekunde arobaini za mzee amelala. Nilijiambia ile nyingine picha inatikisika.

Kwa hivyo saa nane ya usiku ule, nikimtazama mzee wa Glasgow akiacha kila kitu kinachomwaibisha ndani ya kipindi chake, nilijua nafanya nini hapo. Yeye angekata mzee, angeacha chapati. (Connolly mwenyewe alitangaza mwaka wa 2013 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na hata hiyo ameifanyia mzaha jukwaani, mikono yake ikitetemeka. Buda hana kitu anachoficha.)

Nilifuta video. Ukifikiri hiyo inasaidia, hujui WhatsApp. Iko huko kwa magrupu, mtu ameweka hata nembo yake na muziki juu. Wiki mbili zilizopita shangazi yangu wa Nakuru alinitumia, akaandika “ona hawa watu”, hakuitambua hata sauti yangu.

Kwa hivyo nikamtafuta yule msichana. Alikaa siku nne bila kujibu, haki yake. Nilimwambia nataka kuomba msamaha kwa mzee, na kama anakubali niweke ile video nyingine, yangu ya kuruka. Akasema atamuuliza akienda nyumbani likizo. Jumapili akanitumia sauti. Nyuma yake unasikia mbuzi, na watu kadhaa wakicheka, sauti ya mzee ikiwa juu ya zote.

“Babu anasema maneno ya simu hayataki. Uje ulale wewe. Usiku mmoja, shingo juu ya ekicholong, godoro hakuna. Na yeye ndiye atashika simu.”

Basi la Kitale linatoka Ijumaa saa mbili usiku. Kwa sasa najizoeza sakafuni na kiatu chini ya shingo. Rekodi yangu mpaka jana ni dakika kumi na moja.